Inua Mikono Nikupime

Wifi yangu hushona huku akiongea, na hilo si jambo dogo, maana mdomoni mwake kuna pini nne au tano muda wote. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye huzisukuma kwa ulimi mpaka pembeni, halafu anaendelea na maneno yake kama hakuna kitu. Siku za mwanzo nilikuwa namwambia, "Wifi, iko siku utazimeza hizo." Akanijibu, "Nikizimeza msizitupe. Ni mpya."

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa. Si mtu wa kuandikwa magazetini. Ni dada mdogo wa mume wangu, fundi cherehani, ana miaka ishirini na mitatu. Alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita, baada ya baba mkwe kufariki, na begi moja la nguo na cherehani ya kukanyaga iliyolazwa kwenye mkokoteni kama mgonjwa. Mume wangu alimpa chumba cha uani, na kibaraza cha mbele akamwachia afanyie kazi. Nilimpokea vizuri ila kwa hofu kidogo, maana nilikuwa nimesikia mengi kuhusu mawifi. Wiki ya kwanza akanishonea gauni bila kunipima. Alinitazama tu nikifagia. Likanikaa kama nimezaliwa nalo, na hofu ikaisha.

Kazi ilipoanza kuwa nyingi akataka mtu wa kumwandikia. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni wa kusomeka. Mwalimu alikuwa akinisimamisha kila asubuhi niandike tarehe ubaoni. Basi nikanunuliwa daftari kubwa lenye jalada gumu, na kazi ikawa hivi: yeye anapima kwa futi kamba, anataja kwa sauti, mimi nimekaa kwenye gogo la mlangoni naandika. "Bega kumi na saba! Mkono ishirini na tatu! Kifua arobaini, usimsikilize, anavuta pumzi ndani!" Mwaka jana binti yangu alipozaliwa nikawa naandika mkono mmoja huku nanyonyesha mkono wa pili. Ukurasa mwingine una doa la maziwa mpaka leo.

Kila mteja nilimwandikia tarehe, kwa mazoea ya ubaoni. Halafu nyumba anayokaa, maana mimi ndiye niliyekuwa napeleka nguo zikiisha, mtoto mgongoni: "nyumba ya nne kutoka bombani, mlango wa kijani." Halafu vipimo. Na mwanzo kabisa, jina. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule sikujua.

"Wifi, andika jina la mtu," aliniambia siku moja akichungulia begani mwangu.

"Si nimeandika."

"Umeandika Bonge."

"Kwani wewe unamjua kwa jina gani lingine?"

Akafikiri, pini mdomoni. Hakulijua. Akacheka, akarudi kwenye mashine. Basi daftari likaendelea kujaa hivyo hivyo: Bonge, Nywele Chache, Mama Pacha, Mrefu wa Gereji, Binti Msema Kweli. Mtaa wetu wote ulikuwa mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa kama alivyoandikwa shuleni.

Siasa alizianza hivi. Mtaani kwetu kuna bomba moja la maji, na lilikuwa linafunguliwa asubuhi tu, tena si kila asubuhi. Wifi akauliza nani aliamua. Akaambiwa kikao cha mtaa. Akauliza kikao gani, lini, nani walikuwepo. Hakuna aliyejua. Akaenda kwenye kikao kilichofuata, akakuta watu kumi na mmoja, wote wa umri wa baba yake, akanyoosha mkono akaomba wasomewe yaliyoandikwa kikao kilichopita. Mwenyekiti wa mtaa akamwambia kwa upole tu, "Binti yangu, hapa hatusomi. Tunaamua."

Alirudi nyumbani na maneno hayo. Siku nzima alikuwa akikanyaga cherehani na kuyarudia: "Hatusomi. Tunaamua. Hatusomi. Tunaamua." Alikuwa anacheka, lakini mguu ulikuwa unakanyaga kwa nguvu kuliko kawaida.

Mwenyekiti huyo sisi tunamwita Mzee Muhuri, si mbele yake. Muhuri wa mtaa haukai ofisini, unakaa kwenye mfuko wa shati lake, umefungwa kwenye leso. Ukitaka barua ya kumwandikisha mtoto shule, barua ya kupata kitambulisho, barua ya chochote, unamfuata alipo. Amekuwa mwenyekiti tangu enzi za mgombea mmoja, pale karatasi ya kura ilipokuwa na picha moja na neno ndiyo na hapana. Mama mkwe hutuhadithia kwamba hapana ilikuwepo, ila msimamizi alikuwa anakaa karibu sana na sanduku.

Sasa tuna wagombea wengi, na huu ulikuwa uchaguzi wa pili wa namna hiyo. Wa kwanza vijana wengi hawakwenda. Walisema ni yale yale. Wifi yangu akaona hapana, huu wa pili lazima waende, maana diwani ndiye anayekaa juu ya kikao cha mtaa, na kwa diwani ndiko maji yanakoanzia. Akaanza na wateja wake. Alikuwa na ujanja mmoja ambao sitausahau. Anamwambia kijana, "Inua mikono nikupime." Kijana anainua. Yeye anamzungushia futi kamba kifuani, anaishika kwa mbele, haiachii.

"Umejiandikisha kupiga kura?"

"Aa, fundi, hayo mambo..."

"Nakuuliza ukiwa umeinua mikono. Umejiandikisha?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Mtu aliyeinua mikono na kufungwa kamba kifuani hana pa kukimbilia. Anajibu. Na akishajibu, wifi anamweleza taratibu, bila kumgombeza, mpaka mwenyewe anauliza kituo kiko wapi. Hakuwaambia wamchague nani. Nilimsikia kwa masikio yangu mara nyingi. Aliwaambia kitu kimoja: "Mkijiandikisha haitakuwa bure. Mimi nasimamia neno hilo." Walikuwa arobaini pamoja na yeye arobaini na moja, na kila Jumapili mchana walikaa kibarazani kwetu, wengine ukutani wengine chini, wakisoma kwa zamu kijitabu cha kanuni za uchaguzi alichopewa kwenye semina. Kijitabu hicho alikiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa mfupi, ili asikipoteze. Kila Jumapili tunainua mashine, tunakitoa, tunasoma, tunarudisha.

Mume wangu hakupenda. Yeye ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache. "Mimi najenga nyumba za watu," alimwambia dada yake. "Sitaki yangu ibomoke kwa midomo."

"Kaka, hii midomo ina pini tu."

"Ndicho ninachokiogopa."

Wiki tatu kabla ya kura, daftari la wapiga kura likabandikwa ukutani shuleni, watu wakague majina yao. Jumatano asubuhi akaja Redio mbio. Redio ni kijana muuza mitumba, tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Siku hiyo alikuwa amezimika. Alisimama mbele ya cherehani akahema tu.

"Sema basi," wifi akamwambia.

"Wametukata."

"Nani?"

"Sisi wote. Wamepiga mstari. Arobaini na moja."

Wifi akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Sijawahi kumwona akizitoa katikati ya kazi. Tukaenda wote, mimi na mtoto mgongoni. Kweli, kwenye ile karatasi ndefu majina yao yalikuwa na mstari mwekundu, na pembeni neno moja: pingamizi. Karani alitueleza kwamba mwenyekiti wa mtaa ameleta karatasi kusema watu hao hawakai mtaani, ni wa kuja, waliletwa kujiandikisha. Anayetaka kurudishwa alete ushahidi kwamba alikuwa akiishi hapo miezi sita kabla ya uandikishaji. Barua ya mwenyekiti inatosha. Mwisho Jumamosi, saa kumi alasiri. Baada ya hapo daftari linafungwa.

"Barua ya mwenyekiti," wifi akarudia. "Yule yule?"

"Yule yule," karani akasema. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini, amekaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yamepanda mpaka karibu na kifua. Hakucheka wala hakununa. "Mimi nafuata kilichoandikwa, mwanangu."

Tukamfuata Mzee Muhuri nyumbani kwake. Wifi akamwamkia vizuri, naye akaitikia vizuri, akatukaribisha viti.

"Mzee, mimi hunijui?"

"Nakujua sana. Suruali hii nani kanishonea?"

"Sasa nakaa wapi?"

"Unakaa kwa kaka yako."

"Basi tuandikie barua, mzee wangu."

Akapapasa mfuko wa shati, pale pale ambapo tuliuona muhuri umevimba ndani ya leso. "Muhuri umekauka wino," akasema. "Nimeagiza. Wiki ijayo."

"Jumamosi ndiyo mwisho."

"Ndiyo maana nasema wiki ijayo."

Alasiri ile vijana walijaa kibarazani bila kuitwa. Kulikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inatafuta mtu. Mrefu wa Gereji akasema, "Fundi, si ulituambia haitakuwa bure? Mimi niliacha kazi siku nzima kwenda kupanga foleni ile." Mwingine akadakia, "Tungekaa tu kama zamani." Wengine wakataka twende kwa Mzee Muhuri tukamtoe huo muhuri mfukoni kwa nguvu. Wifi akasema hapana. Tukigusa shati lake, akasema, pingamizi linakuwa la kweli. Nyuso zote zikamgeukia. Neno lake ndilo lililokuwa limekatwa pale ukutani kuliko majina yenyewe, na yeye alilijua hilo, na mimi nilijua kwamba analijua.

"Tuinueni mashine," akasema.

Wakakitoa kijitabu. Akasoma mwenyewe, kidole juu ya mstari, polepole, mpaka ukurasa wa mwisho mwisho. Hapo akasimama akasoma kwa sauti: asiyepata barua anaweza kuleta maandishi yoyote yenye tarehe, yaliyoandikwa kabla ya pingamizi na mtu mwingine, yanayoonyesha mahali alipokuwa akiishi.

Akainua macho. Hakumtazama mtu. Alitazama mapajani kwangu, ambapo daftari la vipimo lilikuwa limekaa, na binti yangu akilitafuna pembeni.

"Wifi," akasema. "Tarehe unaandika?"

"Kila mtu."

"Na nyumba?"

"Kila mtu."

Watu wakaanza kupiga makofi. Mimi mwenzenu sikupiga. Nililifungua mahali popote nikasoma kwa sauti ndogo: "Bonge." Makofi yakakatika. Nikasoma tena: "Nywele Chache." Mtu mmoja akacheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Nikaanza kulia, sikujizuia. Wifi akanichukua mtoto, akaniambia mbele ya wote, "Acha kulia juu ya daftari, utafuta tarehe."

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa shuleni. Karani kwenye kiti chake kidogo, mawakala wawili wa vyama kwenye benchi la wanafunzi, na Mzee Muhuri kwenye kiti kikubwa cha mwalimu, maana alikuwa mleta pingamizi. Vijana walipanga foleni kuanzia mlangoni mpaka kwenye mlingoti wa bendera, wamevaa nguo zao nzuri. Nusu ya nguo hizo nilizipeleka mimi.

Karani akalifungua daftari akasoma kimya. Akafunua. Akafunua tena. Nikaona ukingo wa mdomo wake unatetemeka.

"Huyu Bonge," akasema, "ndiye nani kwenye orodha yangu?"

Bonge akajitokeza akataja majina yake matatu, akatoa kitambulisho.

"Na nitajuaje kwamba wewe ndiye Bonge?"

"Mama, nitazame."

Darasa likacheka. Karani akasubiri liishe. "Sicheki," akasema. "Kila mtu mnene angeweza kuja hapa. Haya ni majina ya utani. Siwezi kumrudisha utani kwenye daftari la serikali."

Mzee Muhuri akakohoa kidogo. "Ndicho nilichosema mimi. Michezo ya watoto."

Wifi akavua futi kamba shingoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu.

"Mama, jina la utani mtu anaweza kulivaa," akasema. "Bega la mwenzake hawezi. Mpime. Nisimpime mimi, usije ukasema nimevuta kamba. Pima wewe mwenyewe, halafu ndipo utazame kilichoandikwa."

Karani aliitazama ile kamba kwa muda. Kisha akasema kwamba kabla ya yote anataka kulijaribu daftari lenyewe, kwa mtu asiye wa kundi lao. Akafumba macho kabisa, akafunua, akaweka kidole. Akafumbua macho, nami nikamwambia ukurasa huo ni wa vijana watupu. Akafumba tena, akafunua, akaweka kidole, akasoma mistari michache kimya, akauliza, "Mzee Muhuri ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto wa shule waliokuwa wakichungulia dirishani wakanyoosha vidole wote pamoja.

Mwenyekiti akageuka. "Mimi? Mimi ndiye Muhuri?"

"Nyumba yenye geti la bluu," karani akasoma. "Ni kwako?"

"Ni kwangu, lakini..."

"Simama, mzee wangu, samahani." Akamzungushia kamba juu ya mkanda, akasoma inchi, akaketi, akatazama daftari. "Kiuno arobaini na mbili. Imeandikwa arobaini. Hapa pameongezwa: mzee anapenda kula, bakiza inchi mbili kwa ndani." Akainama kidogo akatazama mshono wa nyuma wa suruali ile ile. Inchi mbili zilikuwepo, zimefunguliwa. Wifi alizifungua mwenyewe mwezi wa tatu.

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mzee wa watu aliketi taratibu, akapapasa mfuko wa shati. "Daftari ni la kweli," karani akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Tuanze."

Basi tukaanza. Mimi nilisimama upande wa meza, nikifunika vipimo kwa kiganja, nikisoma jina la utani, tarehe na nyumba tu. Karani anapima bega na mkono, anataja, ndipo mimi nainua kiganja. Wifi aliambiwa asimame ukutani mikono nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake kubwa. Karani alikuwa anaanzia bega mahali sipo, na wifi alikuwa anajikunja pale ukutani kama mtu anayekwanguliwa. Mwishowe akashindwa. "Mama, anzia kwenye mfupa, siyo kwenye nyama." Karani akamtazama, akasogeza kamba kwenye mfupa, na namba ikaja sawasawa.

Bega kumi na nane, kumi na nane. Mkono ishirini na nne, ishirini na nne. Bonge alikuwa amepungua kifua inchi tatu, akaona fahari, akataka iandikwe. Binti Msema Kweli kifua kilizidi inchi tano, wakala mmoja akaruka: "Huyo siye!" Wifi akasema kutoka ukutani, "Ana mimba ya miezi sita, kaka. Tazama mkono. Mkono haushiki mimba." Mkono ulikuwa ishirini na mbili na nusu, na kwenye daftari ishirini na mbili na nusu. Hiyo nusu niliiandika mimi. Nakumbuka niliuliza kama niiache, wifi akasema usiache kitu.

Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Nilinyonyesha nimesimama, kiganja juu ya ukurasa. Wanne hawakuwa wameshona kwetu. Wawili wakaleta vyeti vya shule ya hapo hapo mtaani, na wawili kadi za zahanati zenye tarehe. Karani akazipokea. Akabaki Redio, ambaye anauza mitumba na anavaa mitumba, hajawahi kupimwa hata siku moja. Nilifunua kurasa zote mpaka nikamkuta pembeni kabisa, kwenye ukingo: "Redio, chumba nyuma ya duka la vioo. Zipu tu. Imewekwa ya kijani, nyeusi zimeisha."

Karani akaisoma mara mbili. "Kijana," akasema, "suruali hiyo unayo?"

Redio akasogea mezani, bado amezimika. Akainua shati inchi mbili. Zipu ilikuwa ya kijani kama jani la mgomba. Darasa zima likaanguka, na wakala yule aliyekuwa mkali akacheka mpaka akafuta macho. Karani naye akacheka, hatimaye, akamrudisha.

Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa kumi kasoro dakika tano. Karani akahesabu mistari yake. "Arobaini," akasema. "Amebaki mmoja. Namba kumi na tisa."

Wote tukageuka. Namba kumi na tisa alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma.

"Mwanangu, uko ukurasa gani?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunua. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama mkwe yumo. Mume wangu yumo. Binti yangu yumo, siku arobaini baada ya kuzaliwa, urefu inchi ishirini na moja. Watu wote aliowashonea walikuwemo, ila yeye mwenyewe nguo zake alizikata kwa macho, kwenye vipande vilivyobaki, na hakuna aliyewahi kumwambia ainue mikono.

"Daftari ni lake!" nikasema. "Kila ukurasa yeye ndiye aliyepima, mimi ndiye niliyeandika!"

"Umemwandika wapi?"

"Mama..."

"Nionyeshe nimwandike. Nataka nimwandike." Na kweli alitaka, peni ilikuwa mkononi. "Lakini kanuni inataka maandishi kuhusu yeye, yaliyoandikwa zamani. Leo hayafai."

Mrefu wa Gereji akaanza kupiga kelele, wengine wakafuata, kwamba hakuna haki, kwamba hakifungwi kitu hapa mpaka fundi aandikwe. Wifi akatoka ukutani. Akachukua futi kamba yake mezani, akaivaa shingoni.

"Nyamazeni," akasema. "Mama huyu amefuata kilichoandikwa tangu asubuhi, nasi tukampigia makofi. Hatuwezi kumgeuka kwa sababu sasa ni mimi." Halafu akamgeukia karani. "Asante, mama. Funga."

Saa kumi kamili karani akafunga. Pale getini tulimkuta mume wangu na saruji miguuni, ametoka kazini moja kwa moja. Redio alikuwa ameshawaka, akamsimulia yote kwa pumzi moja. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akambebea dada yake mkoba, akatangulia. Hajabeba mkoba wa mtu maisha yake yote. Kesho yake fundi mwenzake aliniambia kwamba kule juu ya jukwaa la ujenzi hakuna aliyepumzika, kila tofali linakuja na "huyo ni dada yangu mimi."

Siku ya kura nilipanga foleni tangu alfajiri. Wifi hakuruhusiwa kuvuka kamba ya kituo, kwa sababu hakuwa mpiga kura. Akasimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa duka la vioo, akasema kila mama mwenye mtoto amwachie, akapige kura mikono mitupu. Mpaka saa tano alikuwa na watoto sita, wawili mgongoni na kifuani, wanne kwenye mkeka, na wangu alikuwa anatafuna futi kamba. Kila mmoja wa wale arobaini aliyetoka alivuka barabara kwanza, akamwonyesha kidole chenye wino. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Bonge alikuja, Redio alikuja. Na Mzee Muhuri naye alitoka, akasimama mlangoni kidogo, akavuka. Akamwonyesha kidole kama wengine. "Binti," akasema, "suruali imebana tena." Wifi akamwambia alete Jumatatu, ila aje na yaliyoandikwa kikao kilichopita.

Aliyeshinda udiwani siye niliyemchagua mimi. Lakini alishinda kwa kura kumi na tisa tu, pungufu ya wale arobaini wetu, na kwa hiyo anatujua. Bomba linafunguliwa asubuhi na jioni, na vikao vinasomwa. Anayesoma ni wifi.

Jioni ya siku ile ya kura, kabla hajaketi kwenye mashine, nilimvua futi kamba shingoni.

"Unafanya nini?"

"Inua mikono."

"Wifi, nimechoka, nimebeba watoto wa mtaa mzima."

"Nakwambia ukiwa umesimama. Inua mikono."

Akainua. Nikamzungushia kamba kifuani nikaishika kwa mbele, sikuiachia. Nikaanzia bega kwenye mfupa. Kumi na tano. Mkono ishirini na mbili na robo, na robo sikuiacha. Nikakaa kwenye gogo langu, nikaandika tarehe, nikaandika nyumba hii, na mwanzo wa mstari nikaandika jina lake lote, matatu, kwa mwandiko wa ubaoni.

Akachungulia begani mwangu, pini tayari mdomoni. "Mkono umekosea," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Ilikuwa robo ile ile.